Kitundu cha Kulilia

Gyumri, Januari. Kontena tulilolala baada ya tetemeko
sasa ni gereji ya ami Garnik.
Ukutani bado ipo mistari ya penseli, kimo changu
nikiwa na miaka sita, saba, tisa
(wa nane sikupimwa, nilikuwa na surua).
Chini yake Volga, rangi ya maziwa yaliyoungua,
boneti wazi, kama mtu kwa daktari wa meno.

Miaka thelathini ameinywesha maji matupu.
Usiku hufungua koki, akayamwaga yasigande;
alfajiri hurudi na birika mbili za moto,
akaimiminia taratibu, akiisemesha
kama ng'ombe asiyetaka kukamuliwa.
"Maji ni bure," husema. "Na bure haipandi bei."

Mimi Nvard, mjuaji, nimetoka Yerevani
na madumu mawili ya kulanti, kijani kama chura,
na kilo ya asidi ya limau ya kuioshea tumbo.
Nikaiosha mara tatu. Ikatapika kutu,
ikatapika magamba ya chokaa, ukoko wa miaka,
hadi maji yakatoka maangavu, nami nikajisifu.

Asubuhi, kwenye kadibodi niliyotandika chini,
madoa matano ya kijani.
Ami akayahesabu kwa ncha ya sigara,
akacheka hadi akakohoa:
"Uchafu ndio uliokuwa ukiishikilia. Umeivua shati
katikati ya baridi, kisha unauliza mbona inatetemeka."

Basi nikalala chali.
La kwanza, klempu ya mpira wa chini:
robo mzunguko wa bisibisi, kwisha.
La pili, mpira wenyewe, umechanika pale unapojikunja.
La tatu na la nne, gasketi ya thamostati;
kifuniko chake kimepinda. Nikakisugua juu ya kioo
kwa msasa na mafuta ya taa, duara, duara,
hadi kikakaa bapa.

La tano likanikimbia.
Linapita kwenye bolti, linapanda mkanda,
linadondokea mbali na kwao, kama uvumi:
mdomo unaoukamata siyo ulioanza.
Tochi kinywani, kioo cha kunyolea mkononi,
nikalifuata juu, juu, hadi tumboni mwa pampu,
penye kitundu kilichotobolewa kiwandani kwa makusudi
ili sili ikichoka, pampu ilie, mtu asikie.
Ndani yake njiti ya kiberiti.
Njiti, na sabuni iliyokauka.

"Mwaka wa giza," akasema ami, bila kuulizwa.
"Umeme saa moja kwa siku. Spea hakuna.
Arusyak ana uchungu, hospitali ng'ambo ya theluji.
Ilikuwa inalia. Nikaiziba mdomo. Ikatufikisha."
Hakusema iliwafikisha wangapi.
Upande huo mimi sina binamu.

Njiti niliichomoa kwa sindano. Sili mpya,
beringi mpya, grisi; vidole vimekufa ganzi,
nati ya mwisho nikaifunga kwa kukisia.
Jioni ikanguruma saa nzima. Mshale wa joto
ukasimama pale pale kama askari wa zamu.
Kadibodi kavu.
Tukanywa konyaki kwenye vikombe vya chai.

Saa tano usiku, mlango wa kontena unakwaruza.
Ami, koti juu ya pajama,
amepiga magoti kwenye barafu, koki wazi,
ndoo imejaa kijani hadi ukingoni.
Ananitazama. Anaitazama mikono yake.
"Saa ilipofika," anasema, "miguu ilijiendea."

Sikumjibu. Nikaenda ndani nikaleta soksi yake ya sufu,
ile moja isiyotoboka, nikaivisha faneli,
nikaanza kuirudisha, kikombe kwa kikombe,
naye ameshika tochi, mwanga ukimchezacheza,
akiisemesha injini kwa sauti ya chini:
ngoja, ngoja, inakuja.